Namna ya Kupata Cheti cha Ufuatiliaji wa Shehena (BESC, ECTN, FERI) kwa Mzigo wa Meli

Mzigo umeshapakiwa, meli iko baharini, na mpokeaji anapiga simu: "Namba ya BESC iko wapi?" Wengi hapo ndipo wanalisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Cheti hiki anaomba nani, mimi au mnunuzi? Naomba kabla au baada ya kupata BL, yaani hati ya shehena ya meli? Cheti cha ubora nilichonacho hakitoshi? Nimeyaweka majibu mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe inavyokwenda.

Cheti chenyewe si kigumu, na fomu yake haina maajabu. Kinachowatesa watu ni mambo mawili tu: kuchelewa kuanza, na karatasi zisizokubaliana. Karibu kila hatua hapa chini inapambana na moja kati ya hayo.

Ni cheti gani hasa?

Nchi kadhaa za Afrika, hasa za magharibi na kati, zinataka kila shehena inayokuja kwa meli iandikishwe kwenye mfumo wao kabla haijafika. Anayesimamia huwa ni baraza la wasafirishaji mizigo la nchi hiyo, au chombo cha serikali chenye kazi hiyo. Ukishaandikisha unapewa cheti chenye namba, na namba hiyo ndiyo forodha ya huko itakayoitafuta kwenye hati zako.

Kazi ni ile ile, majina ndiyo mengi:

- Kamerun, Benin, Chadi, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo-Brazzaville: BESC
- Togo na Burkina Faso: ECTN
- Senegal, Mali, Niger, Kodivaa na Madagaska: BSC
- Gabon: BIETC
- Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC): FERI, inayosimamiwa na OGEFREM, chombo cha serikali ya huko
- Angola: cheti cha ARCCLA, ambacho mawakala wengi bado wanakiita CNCA kwa jina la chombo kilichotangulia
- Libya: CTN

Orodha hii si ya kudumu. Nchi huongezeka, nyingine husimamisha utaratibu kisha zikaurudisha kwa jina jipya. Kwa hiyo itumie kujua uulize nini, usiitumie kama jibu la mwisho.

Usikichanganye na cheti cha ubora. Kile kinachotolewa chini ya mpango wa PVoC (uhakiki wa viwango kabla ya kusafirisha), kama wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, au wa TBS, shirika la viwango la Tanzania, kinahusu viwango vya bidhaa, na bidhaa hukaguliwa kabla ya kupakiwa. Cheti cha ufuatiliaji hakijali kama pasi yako ya umeme ina waya mzuri. Kinataka kujua nani anatuma, nani anapokea, ni nini, kina uzito gani, thamani yake ni kiasi gani, na nauli ya meli ni kiasi gani. Nchi nyingine zinataka vyote viwili, na kimoja hakifuti kingine. Cheti cha asili ya bidhaa na cheti cha afya ya mimea navyo vina njia zake, tofauti kabisa na hii.

Misri ina utaratibu wake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021, mzigo wa meli unaokwenda huko lazima uwe na namba ya ACID yenye tarakimu 19, yaani namba ya kuandikisha shehena mapema. Anayeiomba ni mwagizaji aliyeko Misri kupitia Nafeza, mfumo wa mtandaoni wa forodha ya Misri, wala si mtumaji, na lazima iwepo kabla mzigo haujapakiwa. Wewe mtumaji unajisajili kwenye CargoX, jukwaa la mtandaoni la kutumia hati, na kupitishia hati zako huko. Ukiuza Misri, usifunge kontena kabla mnunuzi hajakutumia namba hiyo. Sehemu kubwa ya yanayofuata hapa inahusu zile nchi nyingine, ingawa ushauri wa kulinganisha hati unafaa kote.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Rasimu ya hati ya shehena, yaani BL. Rasimu inatosha kuanzia, usisubiri ile ya mwisho.
- Ankara ya biashara, yenye sharti la mauzo limeandikwa wazi: FOB (bei bila nauli ya meli), CFR (pamoja na nauli) au CIF (pamoja na nauli na bima).
- Ankara ya nauli ya meli kutoka kwa kampuni ya meli au wakala wako.
- Orodha ya upakiaji.
- Tamko la forodha la kusafirisha nje la nchi mzigo unakotoka.
- Jina kamili la mpokeaji kama lilivyosajiliwa, anuani, simu, barua pepe na namba yake ya mlipakodi.
- Namba ya idhini ya kuingiza bidhaa, kwa nchi zinazoitaka. Kodivaa wanaiita FDI, Kamerun DI, na DRC ni leseni ya IB inayopitia benki. Hii ni kazi ya mpokeaji, nawe huwezi kuifanya kwa niaba yake.
- Kwa magari: nakala ya hati ya usajili au ya kufutiwa usajili, yenye namba ya chasisi.

Kama mpokeaji bado hajakutumia namba ya mlipakodi, iombe leo. Kati ya vyote hivi, hiyo ndiyo huchelewa kuliko zote, kwa sababu mpokeaji anadhani ni jambo la huko kwake na halikuhusu.

Hatua kwa hatua

1. Jua mzigo unaishia wapi.

Watu hutazama bandari ya kushushia, kumbe kinachoamua cheti ni mji wa mwisho. Mzigo ukishuka Douala lakini unakwenda N'Djamena, cheti ni cha Chadi. Ukishuka Cotonou au Lomé kwenda Niamey, ni cha Niger. Ukishuka Dakar kwenda Bamako, ni cha Mali. Ukishuka Dar es Salaam au Mombasa kwenda Lubumbashi au Goma, unahitaji hati za OGEFREM za DRC.

Hakikisha mji huo umeandikwa kwenye BL yenyewe, kwenye nafasi ya mahali pa kufikishia mzigo, pamoja na maelezo kwamba mzigo uko transiti. BL inayoishia kwenye jina la bandari peke yake itaufanya mzigo wako uonekane wa nchi ya bandari, na hapo unaweza kudaiwa cheti cha nchi ambayo mzigo unapita tu. Uliza pia kama nchi ya kupitia ina masharti yake kwa mizigo ya transiti.

2. Thibitisha sharti, kisha mtafute wakala halali.

Uliza pande mbili: kampuni ya meli, na mpokeaji akiwa na wakala wake wa forodha. Majibu yakitofautiana, lifuate lile kali zaidi mpaka upate maandishi kutoka kwa mamlaka yenyewe. Kauli ya "huwa hatukiombi na mizigo inatoka" isikutulize. Anayeisema hatakuwepo bandarini siku ya kutoa kontena.

Mamlaka nyingi hazipokei maombi moja kwa moja kutoka kwa kila mtu. Zimegawa dunia kwa maeneo na kuteua mawakala kulingana na bandari ya kupakilia. Mzigo unaopakiwa Guangzhou na ule unaopakiwa Antwerp, hata kama yote inakwenda nchi moja, inaweza kuwa na mawakala tofauti. Jina la wakala litoe kwenye tovuti ya mamlaka, usilitoe kwenye tangazo. Kuna watu wanaouza vyeti vilivyochapwa vizuri kabisa ambavyo namba zake hazipo kwenye mfumo wowote. Utalijua hilo mzigo ukiwa umekwama na pesa imeshaliwa.

3. Mkubaliane nani anaomba na nani analipa.

Kwa kawaida anayeomba ni mtumaji au wakala wake wa usafirishaji, kwa sababu hati za kupakia ziko mikononi mwake. Nani anabeba gharama ni suala la mkataba wenu wa mauzo. FOB na CIF hazikitaji cheti hiki kwa jina, kwa hiyo ukikaa kimya kila upande utadhani ni kazi ya mwenzake. Sentensi moja kwenye ankara ya awali inamaliza ubishi: cheti kitaombwa na fulani, kwa gharama ya fulani.

4. Ikague rasimu ya BL kabla ya kugusa fomu.

Cheti ni nakala ya BL kwa umbo jingine. BL ikiwa na kosa, unalinakili kosa hilo mahali pa pili, na sasa unayo mawili ya kurekebisha na mara nyingi kuyalipia. Soma neno kwa neno: majina ya pande zote, namba za kontena na sili, idadi ya vifurushi, uzito, bandari, na maelezo ya bidhaa.

Maelezo ya jumla jumla kama "bidhaa mbalimbali" au "vifaa" ni mwaliko wa kurudishiwa ombi. Andika ni nini. "Vipuri vya trekta, vipya, kreti 14" inapita mahali ambapo "vipuri" peke yake inaulizwa maswali.

Utaratibu wa kawaida ni cheti kimoja kwa kila BL. Ukiwa na kontena tatu kwenye BL moja, unaomba kimoja. Ukizigawa kwenye BL tatu, unaomba vitatu na kulipa mara tatu. Hilo lifikirie kabla hujamwambia wakala wa meli namna ya kuandika BL, maana baadaye ni usumbufu.

5. Jaza fomu, na uwe makini sana kwenye uzito na thamani.

Sehemu ya majina na bandari unanakili tu kutoka kwenye BL. Jina la meli liandike pamoja na namba yake ya IMO yenye tarakimu 7, kwa kuwa meli hubadilishwa majina lakini namba hiyo hubaki. Namba ya safari nayo usiisahau. Msimbo wa HS, yaani namba ya kimataifa ya aina ya bidhaa: tarakimu 6 za mwanzo ni sawa duniani kote, zinazofuata kila nchi hujiwekea. Tumia zile alizokupa mpokeaji kutoka kwenye idhini yake ya kuingiza bidhaa, usitumie za upande wako.

Sasa uzito. Tangu tarehe 1 Julai 2016, mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, SOLAS, unadai kila kontena lililopakiwa liwe na uzito uliothibitishwa, VGM, kabla ya kupanda melini. Uzito huo unajumlisha kontena lenyewe. Uzito wa jumla wa bidhaa unaoandikwa kwenye BL hauingizi kontena. Ni bidhaa pamoja na vifungashio vyake. Kwa hiyo unaweza kuwa na karatasi tatu zenye namba tatu tofauti na zote zikawa sahihi:

- Orodha ya upakiaji, uzito halisi wa bidhaa: kilo 23,400
- BL, bidhaa na vifungashio: kilo 24,180
- VGM, pamoja na kontena tupu la kilo 3,900: kilo 28,080

Mfano huu nimechukulia kwamba hakuna mbao za kukazia mzigo ndani ya kontena. Zikiwepo, nazo zinaingia kwenye VGM. Kwenye fomu ya cheti unaandika ule wa BL, kilo 24,180. Kuna wanaochukua VGM kwa sababu ndiyo karatasi iliyo juu ya meza, na mfumo unaupokea bila kulalamika. Anayekuja kulalamika ni afisa wa forodha, wiki kadhaa baadaye. Angalia pia fomu inataka kilo au tani. Nukta moja ikikaa vibaya, kilo 24,180 zinakuwa tani 24,180, na kwa nchi zinazotoza kwa tani utaona ada ya kutisha.

Thamani nayo ina mtego wake. Fomu nyingi zinataka thamani ya FOB na nauli kando, ilhali ankara yako huenda ni ya CFR au CIF. Igawanye. Ankara ya CFR ya dola 38,400 ikiwa na nauli ya dola 3,200, basi FOB ni dola 35,200. Namba hizo tatu zikutane: FOB pamoja na nauli (na bima, kama ankara ni ya CIF) irudi kwenye jumla ya ankara. Nauli unayoandika iwe ni ile iliyo kwenye ankara ya nauli, pamoja na nyongeza kama ya mafuta ikiwa imetozwa humo. Usiibuni, na usiipunguze ukitumaini ushuru utapungua. Forodha hulinganisha nauli yako na ya mizigo mingine iliyokuja na meli hiyo hiyo, na nauli ndogo kupita kiasi inafanya hati zako zote zitiliwe shaka.

6. Omba rasimu ya cheti na uisome kwa kidole.

Wakala mzuri hukutumia rasimu kabla ya kukithibitisha. Asipotuma, idai. Iweke kando ya BL na usome mistari sambamba: namba za kontena, sili, jina la mpokeaji, namba ya mlipakodi, bandari, uzito, FOB, nauli. Mpe mpokeaji naye aisome, kwa sababu jina la kampuni yake analijua kuliko wewe. "Société" iliyokosewa herufi moja kwako haionekani, kwake ni kampuni nyingine.

Ukiidhinisha rasimu kwa haraka, marekebisho ya baadaye utayalipia, na baadhi ya mamlaka hazirekebishi kabisa: unafuta na kuomba upya.

7. Lipa.

Ada hupangwa kwa aina ya kontena (futi 20 au 40), kwa tani au mita za ujazo kwa shehena isiyo ya kontena, kwa gari moja moja, au kwa BL. Kwa sababu hiyo kuuliza bei bila kutuma rasimu ya BL ni kupoteza muda wa watu wote wawili. Lipa kwenye akaunti ya kampuni ya wakala aliyeteuliwa, si kwa jina la mtu binafsi, na tunza risiti pamoja na cheti.

8. Hakikisha namba imeingia kwenye BL na manifesti.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mtu anapata cheti, anafurahi, anakihifadhi. Lakini nchi nyingi zinataka namba hiyo ionekane kwenye BL yenyewe na kwenye manifesti ya meli, yaani orodha ya mizigo yote iliyomo. Itume kwa kampuni ya meli kabla ya muda wao wa mwisho wa kurekebisha BL, na uwaambie iandikwe ndani ya maelezo ya bidhaa. Kisha omba rasimu mpya ya BL uione kwa macho yako. Barua pepe ya "tumepokea" haimaanishi wameiandika.

Mpangilio huu unaonekana kama mduara: cheti kinataka BL, na BL inataka namba ya cheti. Mduara unavunjwa na rasimu. Kwa rasimu ya BL unapata namba, namba inaingia kwenye BL ya mwisho, na BL ya mwisho inarudi kukamilisha cheti.

9. Kamilisha baada ya kupakia.

Mzigo ukishapanda, tuma BL ya mwisho kwa wakala wa cheti kama mfumo wa nchi hiyo unaitaka ili cheti kitoke kwenye hali ya muda na kuwa kimethibitishwa. Cheti cha muda kilichosahauliwa hakina tofauti kubwa na kutokuwa nacho.

Kipimo cha muda kinachotajwa mara nyingi ni angalau siku 5 kabla ya meli kufika bandari ya kushushia. Kichukue kama ukingo, usikifanye lengo. Safari ya bahari ikiwa fupi, siku hizo tano zinaanza kuhesabiwa hata kabla meli haijang'oa nanga, na wikiendi na sikukuu za nchi ya wakala haziwezi kukusubiri.

10. Mtumie mpokeaji na umwambie akihakiki.

Tuma cheti pamoja na BL na ankara. Vyeti vingi vina msimbo wa kuskani au namba ya kuhakikia kwenye tovuti ya mamlaka. Wakala wake wa forodha akihakiki mapema, hitilafu yoyote inajulikana meli ikiwa bado mbali.

Mambo ya pembeni yanayokosewa

Vyombo vya nyumbani vya mtu anayehama, gari moja la kutumia mwenyewe, na msaada wa taasisi ya hisani: watu hudhani havihusiki kwa sababu si biashara. Mara nyingi vinahusika. Penye msamaha, huombwa kwa maandishi kabla, na msamaha wa ada si lazima uwe msamaha wa cheti.

Magari yaliyotumika kutoka Japani yana jambo lake. Namba ya chasisi ya gari lililotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi ni fupi kuliko zile tarakimu na herufi 17 za kimataifa. Iandike ilivyo kwenye hati. Usijazie sifuri ili itimie 17, kwani gari litakalofika litakuwa na chasisi isiyofanana na cheti. Fomu ikikataa, mwachie wakala wa cheti aishughulikie na mamlaka.

Kwa mzigo wa kushea kontena kuna BL mbili: ile ya kampuni ya meli inayofunika kontena zima, na ile ya wakala anayekusanya mizigo, inayokuhusu wewe. Mwulize mkusanyaji mapema cheti kinaombwa kwa BL ipi, na kama ni kwa kila mwenye mzigo. Mmoja wenu akikosa cheti, kontena zima linaweza kuzuiwa, na huna namna ya kuchomoa maboksi yako.

Mambo yakikwama

*Meli imeshaondoka na huna cheti.* Omba leo hii, usianze kutafuta wa kumlaumu. Ikiwa meli bado haijafika, nafasi bado ipo. Ikishafika, nchi nyingine huruhusu kuomba kwa kulipa faini inayozidi ada yenyewe, na nyingine zinataka mpokeaji aende kwenye ofisi za mamlaka huko huko. Wakati huo storeji ya bandari (ada ya kuhifadhi mzigo) na demareji (ada ya kuchelewesha kontena la kampuni ya meli) zinaendelea kuhesabika, na mara nyingi hizo mbili ndizo zinazouma kuliko faini. Mwombe mpokeaji aulize kampuni ya meli siku za bure zimebaki ngapi kabla hamjaamua njia.

*Meli imebadilishwa.* Mzigo ukihamishiwa meli nyingine njiani, jina la meli na namba ya safari kwenye cheti vinaweza kutofautiana na meli itakayofika. Uliza mamlaka inataka meli ipi, ya kwanza au ya mwisho. Mabadiliko yakitokea baada ya cheti kutoka, mjulishe wakala mara moja ukiwa na taarifa ya maandishi ya kampuni ya meli.

*Mfumo unakataa namba ya kontena.* Karibu kila mara ni kosa la kuandika. Namba ya kontena ni herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikia zile za mbele. Kwa mfano CSQU3054383. Herufi zina thamani zake: C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Zidisha kila nafasi kwa 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea hadi 512, ukianzia kushoto, kisha ujumlishe: 13 + 60 + 112 + 256 + 48 + 0 + 320 + 512 + 768 + 4,096 = 6,185. Gawa kwa 11, kinachobaki ni 3, sawa na tarakimu ya mwisho. Huna haja ya kuikokotoa kwa mkono kila siku, vikokotoo viko mtandaoni, ila ukijua kwamba hesabu hiyo ipo, utaacha kubishana na mfumo na kwenda kutazama picha ya mlango wa kontena. Herufi O na sifuri ndizo zinazochanganywa sana.

*Mpokeaji amebadilika.* Mnunuzi ameshindwa kulipa, umempata mwingine. BL ikibadilishwa, cheti nacho lazima kibadilishwe, na namba ya mlipakodi iwe ya mpokeaji mpya. Usirekebishe kimoja ukaacha kingine.

*BL imeandikwa "kwa amri ya benki".* Kwenye fomu ya cheti, jina la benki likikaa kama mpokeaji, mmiliki halisi wa mzigo aonekane kwenye nafasi ya mtu wa kuarifiwa, na namba ya mlipakodi iwe yake. Mwambie wakala jambo hili wakati wa kuomba, maana akijaza kwa mazoea ataacha nafasi hiyo wazi.

*Namba haionekani kwenye tovuti ya kuhakikia.* Kwanza angalia kama cheti bado kiko kwenye hali ya muda. Kama wakala anasema kimethibitishwa na bado hakionekani, mwandikie mamlaka moja kwa moja ukiambatisha cheti na risiti. Wakala halali hatakuzuia kufanya hivyo. Akianza kukusihi usiwaandikie, tafuta wakala mwingine siku hiyo hiyo, wakati meli bado iko baharini.